Neno moja la penseli

Nakala yangu ya Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, niliinunua Posta, Dar es Salaam, kwa muuza vitabu anayetandaza turubai lake kando ya barabara, kwa shilingi 4,000. Jalada limeshikizwa kwa selotepu, kurasa zimeshaanza kuwa na rangi ya chai, na tangu mwanzo kuna mwandiko wa penseli wa mtu aliyekisoma kabla yangu. Alikuwa mwanafunzi, hilo halina ubishi. Kila baada ya kurasa mbili tatu amechora mstari wima pembeni na kuandika neno: "malezi", "ulevi", "nafasi ya mwanamke", "mgogoro wa kifamilia". Penye methali ameandika "methali". Penye tashibiha ameandika "tashibiha" na kupiga mistari miwili chini yake, kwa furaha ya mtu aliyeokota hela njiani.

Nilikisoma kwa siku nne, kwenda na kurudi, ndani ya basi la mwendokasi kati ya Kimara na Kivukoni, na yule mwenye penseli akawa mwenzangu wa safari. Nilimzoea. Ilifika mahali nikawa najua, kabla ya kutupa jicho pembeni, kwamba hapa atakuwa ameandika "ujumbe". Halafu, karibu na mwisho, pale Rosa anapojiua, mwandiko unakatika. Hakuna dhamira, hakuna mgogoro, hakuna tamathali. Pembeni ni peupe pe, isipokuwa chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo zilizokandamizwa hadi karatasi imebonyea, kuna neno moja: "jamani".

Tangu siku hiyo neno lile halijaniachia. Wengine wangesema mwanafunzi yule aliishiwa maneno. Mimi nasema aliishiwa maneno ya darasani tu, akatoa la kwake, na hilo la kwake liko karibu zaidi na kilichompata kuliko yote aliyoyaandika kurasa mia moja kabla. Ninachotaka kukichambua hapa ni hicho: kwa nini kitabu kikimpata mtu sawasawa anakosa la kusema, na kwa nini, nionavyo mimi, ukimya ule hausababishwi na uhaba wa msamiati.

Nianze na swali ambalo kila msomaji wa mji huu amewahi kuulizwa. Jioni niliyokimaliza kile kitabu, kaka yangu alinikuta sebuleni nimekishika kimefungwa, nimetulia. Akauliza, "Kinahusu nini?" Nikamjibu, "Kinahusu msichana wa Ukerewe. Baba yake mkali. Anakwenda shule, anaharibikiwa, mwisho anajiua." Yote kweli. Hakuna neno la uongo hata moja katika jibu lile. Kaka akasema, "Aa, kumbe," akarudi kwenye simu yake. Nami nikabaki nimeketi pale, najisikia kama mtu aliyemsingizia marehemu.

Kosa halikuwa la kaka. "Kinahusu nini" ni swali la heshima, ndilo tulilonalo. Ila linauliza habari ya kitabu wakati mimi nilikuwa na habari ya siku nne. Riwaya hufanya kazi kwa muda. Unakaa na watu wale, unapanda nao gari, unashuka nao, unaosha vyombo huku wamekukaa kichwani, na kila ukurasa unakuwekea kitu kidogo ambacho wala hukioni kikiwekwa. Ndipo inapofika sentensi moja, na mara nyingi ni sentensi ya kawaida kabisa, mtu ameketi, mlango umefungwa, barua imefika, na inakuangusha. Sentensi ile peke yake haina kitu. Nguvu yake iko kwenye kurasa mia zilizo nyuma yake.

Wanaoshusha samaki Feri alfajiri wanalijua jambo hili kwa macho. Pono akitoka majini ana kijani na buluu za kushangaza, rangi ambazo ukielezewa huwezi kuamini. Ikifika adhuhuri, kwenye meza ya muuzaji, samaki ni yule yule, uzito ule ule, ila rangi imekwenda. Muhtasari wa kitabu ni pono wa adhuhuri. Huwezi kumlaumu mnunuzi kwamba hakushangaa.

Hilo ni la kwanza, na ni tatizo la watu wote wa lugha zote. Sasa lipo la kwetu.

Nimefundisha fasihi ya Kiswahili, kidato cha tatu na cha nne, kwa miaka sita. Kila aliyepita darasa lile anaijua ramani: upande mmoja maudhui, na ndani yake dhamira, migogoro, ujumbe, mtazamo, msimamo, falsafa; upande wa pili fani, na ndani yake muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Mwisho unapima kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi, na jibu karibu kila mara ni kwamba "amefaulu kwa kiasi kikubwa". Jina la kitabu nalo "linasadifu yaliyomo". Nimeiandika ramani hiyo ubaoni mara nyingi sana, na sikatai kwamba ina faida. Mtoto ambaye hajawahi kumiliki kitabu cha hadithi anapata vishikio. Anajifunza kwamba hadithi imejengwa, haikuota yenyewe kama uyoga. Hilo si dogo.

Lakini itazame sarufi ya maneno hayo. "Mwandishi ameonyesha." "Mwandishi amefichua." "Jamii imechorwa." Yupo mwandishi anayeonyesha, ipo jamii inayoonyeshwa. Msomaji hayupo. Ni sentensi zilizotengenezwa ili ziweze kusahihishwa, alama moja kwa kila hoja, na mtu aliyetetemeka wakati wa kusoma hana pa kuliweka tetemeko lake humo ndani. Kuna jambo moja linanisumbua hadi leo. Binti mmoja wa kidato cha nne, katika swali la tamthiliya, aliandika kwamba alipofika mahali fulani alifunga kitabu akaenda kukaa chini ya mwembe hadi kengele ilipolia. Nilipiga mstari mwekundu chini ya maneno yake na kuandika: "Jibu swali." Alikuwa amelijibu. Swali langu lilihusu nguvu ya tamthiliya, naye alinipa ushahidi wa nguvu hiyo, mahali na muda wake. Sikuuona, kwa sababu haukuanza na "mwandishi amefaulu".

Historia ya kitabu hiki hiki inafundisha. Kilitoka mwaka 1971, mwandishi wake, Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe mwaka 1944, akiwa bado hajatimiza miaka 30. Kinaeleza bila kupaka sukari jinsi wasichana wa shule wanavyoharibiwa, wakiwemo wanaoharibiwa na walimu wao. Kikasomwa sana, na kikazuiwa kufundishwa madarasani. Baada ya muda kikarudi kwa mlango wa mbele, kikawa kitabu cha kufundishia sekondari Tanzania na Kenya. Watu husimulia safari hiyo kama ushindi, na ni ushindi kweli. Ila mimi naona kitu kingine ndani yake. Waliokizuia walikiri kwamba kitabu kile kinaweza kumfanya mtu kitu. Walikiogopa, na mtu haogopi kisicho na nguvu. Sisi tuliokipokea tukakipa kila stahiki isipokuwa hiyo: tukakigawa katika vipengele, tukakifanya kiwe na dhamira saba, na yule aliyeandika "jamani" ikabidi aandike chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo, kama anayevunja kanuni.

Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, mji mzima ulifurahi, na mimi nilifurahi. Nikasikia watu wakiulizana, "Anaandika nini huyu?" Jibu lililozunguka lilikuwa ukoloni, utumwa, ukimbizi. Hata waliomtunuku, katika maneno rasmi ya tuzo, walitaja athari za ukoloni na hatima ya mkimbizi. Si uongo. Lakini mwaka uliofuata tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake moja, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilitolewa hapa hapa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota, na ukiisoma huanzi na ukoloni. Unaanza na Yusufu, mtoto wa kiume, anayekabidhiwa kwa tajiri kwa sababu ya deni la baba yake, na haelewi. Unajua jambo ambalo yeye halijui. Kile kinachokupata kifuani wakati yeye bado anamwita yule tajiri ami yake, hakina jina katika maneno ya tuzo wala ya ubaoni.

Mtaani, kwa upande wao, hawakungoja. Sikiliza kijana wa Dar akisifia kitabu, au wimbo, au goli: noma, hatari, balaa, moto, kinaua. Nilikuwa nikiwakemea wanafunzi kwa maneno hayo. Nilikosea. Ni maneno ya madhara, na yanasema jambo ambalo "amefaulu kwa kiasi kikubwa" haliwezi kulisema: kwamba kitu hiki kimenifikia mwilini, na sikuwa salama. Kijana anayesema kitabu ni hatari anakubaliana, bila kujua, na wale waliokizuia miaka ile. Tofauti ni kwamba yeye anakitaka.

Na Kezilahabi mwenyewe alikuwa na neno lake. Diwani yake ya mwaka 1974, ile yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani na iliyowatia moto wanamapokeo kwa miaka mingi, aliiita Kichomi. Aliyewahi kushikwa na kichomi anajua. Ni maumivu ya ubavuni yanayokuja ghafla, ukivuta pumzi yanachoma, ukiacha kuvuta unakufa. Unabaki umejikunja, unapumua nusu nusu. Sijui nani angeweza kueleza vizuri zaidi kinachofanywa na shairi zuri. Wala halikuwa neno la kitaaluma. Ni neno la zahanati, la bibi anayemwambia mjukuu asilale kifua wazi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na rafiki zangu wanaosema Kiswahili hakina maneno ya kueleza hisia za msomaji. Kinayo, na kina zaidi ya maneno: kina mpangilio. Tazama lugha yetu inavyosema pale mtu anapopatwa na jambo. Usingizi umenichukua. Njaa inaniuma. Woga umeniingia. Hamu imenishika. Kicheko kimenitoka. Machozi yamenilengalenga. Mtendaji ni jambo lenyewe. Mtu ni mahali lilipofikia. Kwa mpangilio huo huo tunasema kitabu kimenishika, kimenikaa, kimenichoma, kimeniacha hoi. Aliyelelewa katika Kiswahili ana sentensi hizi mdomoni tangu utoto. Tunazivua mlangoni pa darasa, kama viatu, halafu wengine tunasahau kuzivaa wakati wa kutoka.

Basi, kama maneno yapo, mbona tunanyamaza?

Nimelifikiria hili kwa muda mrefu na jibu langu limebadilika. Zamani nilidhani ni aibu ya kutokujua. Sasa nadhani ni stara.

Niliposoma habari za Zakaria, baba yake Rosa, nilikuwa nasoma habari za baba yangu. Baba yangu hakuwa mlevi wala hakuwa mpigaji, Mungu amrehemu. Alikuwa mkimya. Unaweza kumaliza likizo nzima nyumbani na kuyahesabu maneno aliyokuambia. Katika kitabu hakuna mtu kama yeye, na bado kila ukali wa Zakaria ulipogonga, uligonga ule ukimya wa nyumbani kwetu na mimi nikausikia unavyolia. Sasa, ili nimweleze kaka yangu kwa nini niliketi sebuleni nimetulia, ningelazimika kumweleza habari za baba yetu, baba ambaye yeye anamkumbuka vingine. Ningelazimika kuvua nguo. Nikasema "kinahusu msichana wa Ukerewe".

Siri ya mtungi muulize kata. Msomaji ni kata. Ameshuka hadi ndani, amegusa maji yalipo, na anajua kina. Lakini kata haisemi, na si kwamba haijui. Kitabu kikubwa kinatumia vitu vyako mwenyewe kujijenga: mama yako, chumba chenu, harufu ya mvua ya shuleni kwenu, mtu uliyemkosea ukiwa na miaka 15. Nusu ya kile unachokiita kitabu ni wewe. Kwa hiyo kukieleza kwa ukweli ni kujieleza, na watu wa pwani tumefundishwa kwamba mambo ya ndani hubaki ndani. "Kitabu kizuri," tunasema, na tunavuta pazia. Silaumu pazia. Ninachokataa ni kuliita pazia ukuta, na kusema nyuma yake hakuna kitu kwa sababu mtu hakulifungua.

Ndiyo maana naona jamii yetu ilikuwa na akili kubwa ilipobuni njia za kusema bila kujivua. Nenda kwenye taarabu, ukae nyuma, uangalie watu badala ya jukwaa. Mwimbaji anapanda ubeti baada ya ubeti. Mara mama mmoja anainuka kutoka meza ya kona. Haharakishi. Anapita katikati ya viti kwa mwendo wa muziki, kanga begani, noti mkononi, na anapofika anamtunza mwimbaji, anageuka, anarudi kwenye kiti chake. Hajatamka neno. Ukumbi mzima umejua kwamba ubeti ule umempata. Hakuna anayejua kwa nini, labda mtu mmoja tu, na huyo mmoja ameinamia soda yake. Uhakiki gani mwingine unaweza kufanya hayo mawili kwa pamoja, kusema wazi na kusitiri? Na angalia usahihi wake. Hakusubiri wimbo uishe ili aseme umefaulu kwa kiasi kikubwa. Aliinuka kwenye ubeti ule ule. Alionyesha mahali.

Washairi nao walikuwa na yao. Tangu enzi za Mambo Leo, gazeti lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, magazeti ya Kiswahili yalitenga nafasi kwa mashairi ya wasomaji, na aliyeguswa na shairi la mwenzake alijibu kwa shairi, mara nyingi kwa vina vile vile na mizani ile ile. Jibu liliingia ndani ya nyumba ya lile la kwanza na kukaa kwenye kiti chake. Sidai kila jibu lilikuwa tamu. Mengine yalikuwa ugomvi mtupu. Lakini ilikuwa kanuni nzuri: kilichonipata kwa vina nitakirudisha kwa vina.

Riwaya haina ukumbi wala haina kutunzana. Mtu husoma peke yake, kwenye kiti cha gari, na abiria wa pembeni hajui kwamba jirani yake amechomwa. Hapo ndipo ugumu wetu wa leo ulipo kwa kweli. Tulirithi njia za kujibu kilichoimbwa, na tukapewa kitabu cha kusoma kimya kimya, na katikati tukawekewa mtihani.

Nimejaribu njia kadhaa. Nimejaribu kuandika aya ndefu kuhusu kitabu mara tu baada ya kukimaliza. Zote zilikuwa na kelele, na kesho yake nilizifuta. Nimejaribu kumwambia mtu "kisome tu, utaona", ambayo ni namna ya kukimbia, na watu hawakisomi. Moja tu nimeiona ikifanya kazi.

Mama mdogo wangu anakaa Magomeni. Alikuwa msomaji wa magazeti hadi mtoto wa jicho alipomwingia macho yote mawili. Jumapili moja, alasiri, nilikwenda kumsalimia nikiwa na Rosa Mistika kwenye mkoba. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akagusa mkoba, akauliza nimebeba nini kizito. Nikasema kitabu. Hakuuliza kinahusu nini. Alisema, "Nisomee basi, mwanangu, mimi nasuka." Alikuwa ameketi mkekani kibarazani, mgongo ukutani, ukili umelala mapajani, na vidole vyake, ambavyo havihitaji macho kwa kazi ile, vinapishana taratibu: juu, chini, vuta, juu, chini, vuta.

Nikaanza mwanzo. Nilisoma kama saa nzima, na kwa kuwa yeye haangalii, mimi nilikuwa huru kumwangalia. Nilikuwa nimeshajiandaa: kuna mahali palipokuwa pamenikata mimi, panapomhusu Rosa na baba yake, na nilikuwa napasubiri ili nione kama patamkata na yeye. Tukapafika. Vidole viliendelea. Juu, chini, vuta. Nikavunjika moyo kidogo.

Ilikuwa baadaye, katika maelezo ya Regina, mama yake Rosa, na maisha yake na mume mlevi, ndipo mkono uliposimama. Haukushuka, haukutupa ukili. Ulisimama tu, unyuzi mmoja juu, mwingine chini, kidole gumba kimekandamiza katikati. Nilitazama pembeni mwa ukurasa. Mwenye penseli alikuwa ameandika: "ulevi, tatizo katika jamii".

"Rudia hapo," mama mdogo akasema.

Nikarudia.

Akakaa kimya kwa muda. Muuza kahawa alipita barabarani akigonga vikombe. Kisha akasema, "Huyu mama hana pa kwenda." Na baada ya hapo akaniambia jambo kuhusu marehemu bibi, mama yao, ambalo nilikuwa sijawahi kulisikia katika maisha yangu yote na ambalo sitaliandika hapa.

Siku ile nilielewa mambo mawili ambayo miaka sita ya ubaoni haikunifundisha. Moja, kwamba mimi nilikuwa nimekisoma kitabu cha Rosa, na ndani ya kurasa zile zile kulikuwa na kitabu cha Regina ambacho nilikuwa nimekipita kwa kasi, kama kituo ambacho gari halisimami. Hakuna swali la mtihani lingenionyesha hilo. Mkono uliosimama ulinionyesha. La pili ni kwamba sikuhitaji kueleza chochote. Nilichotakiwa kufanya ni kumpeleka mahali penyewe, na rangi zikiwa bado zipo, na kukaa naye pale hadi aone lake. Sikulazimika kumweleza habari za baba yangu, naye akachagua mwenyewe kiasi cha pazia atakachofungua.

Nikifundisha tena, na natamani nifundishe tena, nitaanzia hapo. Kabla ya dhamira, nitawataka wanafunzi kitu kimoja: nionyeshe mahali. Weka kidole. Ukurasa gani, mstari gani, na ulipofika hapo ulifanya nini? Ulirudia? Uliinuka? Ulifunga kitabu ukaenda chini ya mwembe? Halafu utusomee, kwa sauti, kuanzia kurasa mbili nyuma ili tufike pamoja nawe. Atakayetaka kueleza kwa nini, aeleze. Asiyetaka, aache, kidole chake kimeshasema. Dhamira na migogoro vitafuata, na naamini vitafuata vikiwa na damu ndani yake, kwa sababu mwanafunzi atakuwa anaeleza kitu ambacho kimempata kwanza. Wapo walimu ambao hawajangoja ruhusa na tayari wanafanya hivi mchana, baada ya vipindi, na wasomaji wao unawajua ukikutana nao ukubwani.

Narudi kwa yule wa penseli. Jamani ni neno la kuita watu. Ndivyo tunavyolitumia tangu utoto: mtu akianguka, jamani, nyumba ikiungua, jamani, mgeni mpendwa akitokea mlangoni bila taarifa, jamani! Unalisema kwa jamaa, na unalisema ili waje. Mwanafunzi yule alikuwa peke yake usiku, labda na kibatari, labda bwenini chini ya shuka, na alipofika pale Rosa alipofika akawaita watu kwa penseli. Hakukuwa na mtu. Nilikuja mimi, sijui baada ya miaka mingapi, nimeketi dirishani ndani ya mwendokasi, tunapita Jangwani.

Jumapili iliyofuata nilirudi Magomeni. Kitabu nilikuwa nimemwachia, japo hawezi kukisoma, kwa sababu aliniomba. Nilikikuta juu ya mto, na katikati ya kurasa kimechomekwa kipande kifupi cha ukili. Mkekani kulikuwa na mama mwingine, jirani yake wa nyumba ya tatu, ameshaketi, miguu ameinyoosha, kikombe cha chai mkononi. Nikawaamkia wote wawili. Mama mdogo akanisogezea kigoda.

"Msomee na huyu," akasema. "Anza pale kwa Regina."